Kujifunza Kurusha Ndege Iliyoishinda Sauti

Ukisimama juu ya kilima cha Nzaui, katika Makueni, siku ambayo mbingu haina wingu, utaona ndege zikipita kati ya Nairobi na Mombasa. Zitazame vizuri. Ukisikia ngurumo na kuinua macho kuielekea, huioni ndege pale ngurumo inapotoka; yenyewe imekwisha kutangulia mbele, na sauti yake yaifuata kama ndama amfuataye mamaye malishoni. Sauti husafiri hewani, na safari hiyo huchukua muda, yapata sekunde 3 kwa kila kilomita. Ndiyo sababu wakati wa mvua za Novemba twaona umeme kwanza, kisha twahesabu moja, mbili, tatu, ndipo radi ivume. Kwa muda wa saa nzima sauti hukata kilomita 1,225 karibu na usawa wa bahari penye hewa ya kadiri. Juu sana, penye baridi kali, mwendo wake hupungua hadi kilomita 1,060 hivi.

Ndege zote uzionazo kutoka Nzaui huenda chini ya mwendo huo. Palikuwa na ndege ya abiria iliyoushinda. Habari ya ndege hiyo, na ya namna kijana aliye Kitui au Makueni awezavyo leo kujifunza kuirusha, ingawa yenyewe haipo tena angani, ndiyo nitakayo kukusimulia.

Nchi hii ya Ukambani imepitiwa na kila namna ya mwendo. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, alipanda bara kwa miguu hadi kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya kutoka huko. Safari ile ilikuwa ya majuma, na misafara ya Kivoi iliyopeleka pembe pwani ilikwenda vivyo hivyo kwa nyayo. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899. Majuma yakawa siku. Mwaka 1960 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipata Comet, ndege za jeti, na mwaka 1966 likapata Super VC10, ambazo zilibuniwa makusudi kwa viwanja vya nchi za joto zilizo juu ya bahari, kama Embakasi. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya iliyolizaa.

Wakati huo huo Waingereza na Wafaransa walikuwa wameungana kutengeneza Concorde. Iliruka mara ya kwanza Toulouse, Ufaransa, tarehe 2 Machi 1969, rubani wake akiwa André Turcat. Warusi walikuwa wametangulia kwa miezi miwili na ndege yao Tu-144, lakini hiyo haikudumu katika kazi ya abiria. Tarehe 21 Januari 1976 Concorde mbili zilianza kazi siku moja: ya Waingereza ilikwenda Bahrain, na ya Wafaransa ilikwenda Rio de Janeiro kwa kupitia Dakar. Ilichukua abiria 100 hivi, ikapanda hadi futi 60,000, ikaenda mara mbili ya kasi ya sauti. Tarehe 7 Februari 1996 moja yake ilitoka New York hadi London kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59.

Huenda ukadhani kitu cha ajabu namna hii kilinunuliwa na kila shirika. Sivyo. Zilitengenezwa 20 tu, na 14 ndizo zilizofanya kazi ya abiria, zote kwa mashirika mawili ya nchi zilizozitengeneza. Mashirika makubwa ya Marekani yalijitoa Januari 1973, na mwishoni mwa mwaka ule bei ya mafuta ikapanda ulimwenguni kote. Na Concorde ilikunywa mafuta yapata tani 20 kwa saa. Tarehe 25 Julai 2000 moja yake ilianguka karibu na Paris, wakafa watu 113. Mwaka 2003 zote ziliwekwa chini, na leo zimo katika majumba ya makumbusho. Marubani wake ni wazee.

Sasa utauliza, ndege iliyokwisha kulazwa makumbushoni yafundishwaje? Jibu lake liko katika historia ya chombo kingine, nacho ni simuleta, yaani chombo kikaacho chini na kuiga yale yanayotendeka juu.

Katika mji wa Binghamton, Marekani, alikuwako kijana aitwaye Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda na piano zijipigazo zenyewe. Vyombo hivyo huendeshwa kwa upepo wa mivukuto. Wewe uliyewahi kumtazama mhunzi akivukuta waijua kazi yake: ukibana huku, upepo watoka kule, na kitu chasogea. Link alipenda kuruka, lakini masomo ya urubani yalikuwa ghali. Akatwaa mivukuto ya kiwandani, akaiweka chini ya sanduku dogo lililochongwa mfano wa ndege, akatia kiti na usukani ndani. Mwanafunzi akivuta usukani, mivukuto hujaa upepo au hutoka upepo, na sanduku huinuka pua, huinama, hulala upande. Mwaka 1929 chombo kilikuwa tayari. Wakuu wa jeshi hawakukijali. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya michezo, ambako watu hulipa senti kadhaa ili wacheke.

Kicheko kiliisha mwaka 1934. Serikali ya Marekani ililipa jeshi kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na marubani wa jeshi, waliozoea kuruka mchana mweupe, wakatumwa usiku, katika theluji na ukungu. Katika majuma machache wakafa zaidi ya kumi. Mtu akiwa katika wingu zito, masikio na tumbo lake humdanganya. Hudhani yu sawa na kumbe amelala upande, hudhani apanda na kumbe ashuka. Hana budi kuziamini saa zilizo mbele yake na kukataa ushahidi wa mwili wake mwenyewe. Hilo halifundishwi kwa maneno, na kulifundisha angani ni kuua watu. Wakuu wa jeshi wakamwita Link wamsikilize. Siku ya miadi ukungu ulifunika uwanja wa Newark hata wenyeji wakakata tamaa ya kumwona. Naye akatokea katikati ya ukungu akatua salama, kwa kufuata saa zake. Jeshi likanunua masanduku 6. Vita Vikuu vya Pili vilipotokea, maelfu yake yalitumika, na marubani wapatao nusu milioni wa Marekani walipitia humo.

Kwa hiyo Concorde ilipozaliwa, simuleta ilikuwa desturi. Ya Waingereza iliwekwa Filton, na rubani mzoefu, mtu aliyekwisha kurusha ndege nyingine kwa miaka mingi, alihitaji yapata miezi 6 ya mafunzo kabla ya kukabidhiwa Concorde. Simuleta hiyo sasa iko katika makumbusho ya Brooklands.

Hatua ya pili ilitoka chuoni. Bruce Artwick, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika mwaka 1975 juu ya namna ya kuonyesha mwendo wa ndege kwa kompyuta, na kufikia mwaka 1980 programu yake ilikuwa ikiuzwa kwa wenye kompyuta ndogo za nyumbani. Milima yake ilikuwa mistari michache tu, kama mchoro wa mtoto mchangani. Kampuni ya Microsoft ilitoa toleo lake mwaka 1982. Matoleo yakafuatana, lile la mwaka 2020 lina picha za dunia nzima zilizopigwa kutoka juu, na ndani yake mna Kitui, mna Wote, mna mto Athi.

Programu kama hizo huuzwa na ndege chache. Mafundi wengine hutengeneza ndege za nyongeza, mtu akazitia mwenyewe. Concorde imetengenezwa zaidi ya mara moja kwa njia hii, na zilizo bora hazikufanywa kwa mchezo: waliozibuni walisoma vitabu vya wahandisi wa ndege yenyewe, wakaitia kila saa na kila swichi. Anayeifungua kwa mara ya kwanza akitumaini kuruka papo hapo hushangaa kwamba injini hata haziwaki.

Haya, tufanye safari moja ya mafunzo: tuondoke Embakasi twende Mumbai. Nimechagua Mumbai kwa sababu iko ukingoni mwa bahari, na utaona punde kwa nini jambo hilo ni kubwa.

Concorde ilikuwa na watu watatu katika chumba cha mbele: rubani mkuu, rubani msaidizi, na mhandisi wa safari aliyekaa nyuma yao, akiuelekea ukuta mzima wa saa na swichi. Mwanafunzi wa nyumbani yu peke yake. Hana budi kuwa wote watatu. Kazi ya kwanza ni ya mhandisi, nayo ni mafuta. Tangi zikijaa huchukua tani 95. Katika ndege nyingine mafuta ni ya kuchomwa tu. Katika Concorde yalikuwa pia mizani, nitakavyoeleza.

Kisha kuondoka. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyembamba. Mabawa ya Concorde ni ya umbo la pembetatu, membamba, mazuri kwa kasi kubwa na mazito kwa kasi ndogo. Hata penye usawa wa bahari ilihitaji yapata kilomita 400 kwa saa ili iinuke. Kwetu ingehitaji zaidi, kwa injini zinazovuta hewa haba. Jambo hili halikuwa la kubuni: mapema mwaka 1973 Concorde ya majaribio ilipelekwa Johannesburg, ambako uwanja una kimo karibu sawa na wetu, ili ipimwe katika joto na hewa nyembamba. Bahati njema njia ya Embakasi ina zaidi ya kilomita 4. Mwanafunzi huwasha moto wa nyongeza, yaani mafuta yanayonyunyizwa katika moshi wa injini ulio moto tayari, yakalipuka na kuisukuma ndege kwa nguvu zaidi. Bila huo, njia huisha kabla ya ndege kuinuka, na kompyuta humwonyesha hilo waziwazi.

Sasa tumegeuka kusini-mashariki, na Machakos imepita chini yetu. Rubani mkuu akaaye kushoto aiona Kitui: kwanza bonde la Athi, kisha ule ukuta mrefu ulionyoka wa Yatta, lava ya zamani iliyotiririka karibu kilomita 300, na ng'ambo yake nchi ya Kitui hadi milima ya Mutitu. Msaidizi wake aliye kulia ana milima ya Chyulu, na Kilimanjaro nyuma yake. Mbele yapo Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, karibu katika mstari mmoja, kwa maana mstari ulionyoka kutoka Embakasi hadi Mombasa hupita juu yake. Ni somo zuri la jografia, na aghalabu wanafunzi hulipenda kuliko ndege yenyewe.

Lakini mwendo hapa haupiti asilimia 95 ya kasi ya sauti. Mkono unawasha, ndege inataka kukimbia, na mafuta yapotea, maana Concorde hula vibaya ikienda polepole. Kwa nini basi tusiiachilie?

Ndege ishindayo sauti huisukuma hewa ambayo haikupata kupashwa habari ya ujio wake. Hewa hiyo hubanwa ghafula, na mbano huo hutambaa juu ya nchi nyuma ya ndege, kama wimbi lifuatalo mashua. Alioko ndani hasikii lolote. Alioko chini husikia kishindo maradufu, kama mizinga miwili. Wengi hudhani kishindo hutokea mara moja tu, ndege inapopita kasi ya sauti. La, huburutwa njia nzima, na upana wake, ndege ikiwa juu sana, hufikia kilomita 80. Fanya hesabu juu ya ramani: kutoka mstari wetu, kilomita 40 kila upande. Mbooni, Kilungu, Wote na Makindu zimo ndani, na ng'ambo ya Athi kishindo chafika karibu na Ikutha, katika Kitui.

Wamarekani walilipima jambo hili kwa watu wenyewe. Mwaka 1964, kwa muda wa miezi 6, ndege za jeshi ziliupigisha mji wa Oklahoma City vishindo 1,253, na malalamiko yakaja kwa maelfu. Mwaka 1973 nchi hiyo ikapiga marufuku ndege za kiraia kuishinda sauti juu ya nchi kavu yake. India nayo ilikataa. Mwaka 1977 safari ya Singapore ilisimamishwa baada ya kwenda na kurudi mara 3, kwa kuwa Malaysia haikuridhia kelele juu yake.

Walioitetea Concorde walikuwa na jibu: kishindo kipelekwe juu ya majangwa na nchi zisizo na watu. Hapa, msomaji, nataka utulie kidogo. Nchi isiyo na watu ni ipi? Katika kioo cha kompyuta, ukiwa juu, nchi iliyo kati ya Athi na Tiva ni rangi ya kahawia tupu. Picha za setilaiti haziwezi kukuonyesha mzinga uliotundikwa mtini, wala mbuzi chini ya mgunga, wala matuta ya mashamba ambayo watu wa Makueni waliyachimba kwa mikono milimani mwao. Atazamaye toka juu huhesabu mapaa, na mapaa yakiwa machache husema hapana mtu. Mimi naona ya kuwa Malaysia ilitenda vyema kukataa, na kwamba ilikataa kwa sababu ilikuwa huru kukataa. Nchi zilizokuwa bado chini ya wengine hazikuulizwa mambo mengi kama hayo. Programu haina sheria hiyo. Ukitaka kuishinda sauti juu ya Kibwezi, itakuachia, na hakuna dirisha litakalotikisika wala nyuki watakaohama. Mwalimu mzuri humkataza mwanafunzi, kisha humpa kazi ya kuchora njia ya kishindo juu ya ramani na kuhesabu shule zilizomo.

Mombasa imepita, na chini ni bahari. Sasa moto wa nyongeza wawashwa tena, maana karibu na kasi ya sauti hewa hukataa kwa nguvu nyingi, na ndege huhitaji kusukumwa mpaka ifikie kasi ya sauti mara moja na sehemu 7 ya kumi. Hapo moto huzimwa, na injini zenyewe zatosha. Wakati huo huo mhandisi yu kazini. Kasi ikizidi, nguvu iyachukuayo mabawa husogea nyuma yapata mita 2, na pua hutaka kuinama. Ndege nyingine huirekebisha kwa mkia, lakini Concorde haikuwa na bawa la mkiani. Kwa hiyo mhandisi huyapiga pampu mafuta, kiasi cha tani 20, kutoka tangi za mbele hadi tangi la nyuma kabisa, na uzani wa ndege wasogea kuifuata ile nguvu. Akichelewa, pua huinama, akizidisha, huinuka. Mwanafunzi hulifahamu somo la mizani hapa kuliko alivyolifahamu kwa rula na mawe darasani.

Mara mbili ya kasi ya sauti ni yapata kilomita 35 kwa dakika moja, kadiri ya kutoka Kibwezi hadi Mtito Andei. Hewa inayosuguana na ndege huitia joto hata nchani mwa pua ikawa nyuzi 127, zaidi ya maji yachemkayo, ingawa nje ni baridi kuliko barafu. Ndege hurefuka kwa joto, sentimita 15 na zaidi. Karibu na kiti cha mhandisi palifunguka mwanya ambao chini haukuwapo, na katika safari za mwisho mwaka 2003 wahandisi walitia kofia zao humo. Ndege ilipopoa, mwanya ulifumba, na kofia zikabaki zimebanwa.

Kazi ya mhandisi wa safari imekwisha kutoweka katika ndege mpya za abiria. Kompyuta imetwaa kiti chake. Kwa hiyo kijana ajifunzaye kuyapiga mafuta nyuma na mbele juu ya Bahari ya Hindi ajifunza ufundi ambao hakuna shirika litakalomlipa. Aidha, saa anazozitumia mbele ya kompyuta ya nyumbani au ya shule hazihesabiwi katika leseni ya urubani. Atakaye leseni sharti aende chuoni, aingie katika ndege ya kweli pamoja na mwalimu, na alipe, na ghali yake ndiyo ile ile iliyomsumbua Link. Ahitaji pia umeme usiokatika na kompyuta yenye nguvu, ingawa toleo la mwaka 2006 hufanya kazi hata katika mashine kuukuu, na Concorde zipo zilizotengenezwa kwa ajili yake. Nimeona wanafunzi watatu wakigawana mashine moja: mmoja usukani, mmoja redio na ramani, mmoja mafuta. Walikuwa, bila kuambiwa, wamejipanga sawa na watu watatu wa Concorde, na wa mafuta ndiye aliyegombewa.

Bado mamia ya kilomita kufika Mumbai, na imempasa mwanafunzi aanze kupunguza. Dau la zamani lilingoja upepo wa kusi na kuvuka kwa majuma. Yeye ametumia yapata saa 3 tu, lakini kama nahodha yule, hawezi kusimama ghafula. Injini zapunguzwa, pua yashushwa kidogo, na pampu zayarudisha mafuta mbele, tani baada ya tani, huku kasi ikishuka kuielekea ile ya sauti. Sharti iwe chini yake kabla ya pwani ya India kuonekana.